Kizibo cha Chumvi

Mwalimu Nyangidi alinijia Kibuye na karatasi iliyokunjwa mara nane,
akaitandaza juu ya fuawe, akaibana pembe kwa nyundo na tindo.
"Apondi, niundie hii. Kidato cha pili
wamechoka na vita vya ubaoni."

Nikainama. Nikaona kambare:
tumbo pana, mgongo mwembamba, pua iliyokatwa mshazari.
Nyambizi ya Wajerumani, akasema, ya vita vile vya kwanza.
Haikwenda baharini kuwinda. Ilikwenda kutega.
Kelele za mabati zilikuwa nyingi; mimi nikasikia "kutaga",
na sikukosea.

Mirija sita mbele, imelala kinyumenyume,
kila mmoja na mabomu matatu.
Iko wazi juu, iko wazi chini, maji yanaingia yatakavyo,
kwa hiyo mabomu husafiri yakiwa yamelowa tangu gatini,
na kina chake hupimwa kabla ya safari, kwa spana, nchi kavu.
Ukishang'oa nanga hubadili kitu.
Hapo niliweka kalamu chini.
Mimi ni fundi. Najua kazi isiyorudiwa.

Wanaume ishirini na sita ndani ya bomba.
Dizeli kwenye mkate. Soksi zisizokauka.
Wanafika usiku mlangoni mwa bandari ya wenyewe,
wanazima injini, wanatambaa kwa betri,
wanataga, wanahesabu, wanaondoka.
Meli inapopasuka, wao wako kwao,
wanapuliza supu ipoe.

"Na bomu linajuaje kungoja?"
"Chumvi," akasema mwalimu.
Kizibo kidogo, mfano wa kidonge cha kwinini.
Nanga inatua kwenye mchanga, maji yanailamba chumvi,
yanailamba, na ikiisha
bomu linaachiliwa, linapanda na kamba yake
mpaka kimo kile kilichopimwa nchi kavu,
linasimama hapo, chini kidogo ya ngozi ya maji.
Mara nyingine chumvi ilikwisha mapema,
nyambizi haijapita.
Mayai yakamla mama.

Kwetu kuna barua.
Ndugu ya babu yangu, Rading', alipiga makaa kwenye meli za ziwa hili,
akapanda reli hadi pwani, akapata meli ya shehena, akaenda kaskazini.
Habari ya kifo chake ilitangulia:
bomu la majini, mlangoni mwa bandari
ambayo nyumbani hakuna aliyeweza kulitamka jina lake.
Wakalia. Wakachinja.
Miezi minne baadaye barua ikashuka Kisumu,
mwandiko wa mwenzake, maneno yake:
Nimepata viatu. Baridi ya huku ina meno.
Mwambieni mama asimuuze yule ndama mwekundu.

Ndama mwekundu ndiye waliyemla matangani.

Nilikata fremu za baiskeli tatu kupata mirija.
Mwili nikauchonga kwa bomba la kisima.
Mabomu: gololi za plastiki za chupa za manukato ya kwapa.
Chumvi ya mawe nilinunua kwa Mama Atila,
akaniuliza napikia nani, nikamwambia Wajerumani.

Siku yenyewe, pipa uwanjani, maji ya ziwa hadi ukingoni,
jani moja la gugu likielea.
Watoto arobaini na wawili. Nikaachia gololi tatu.
Zikazama. Kimya.
Msichana wa mbele alishika saa ya babake kwa mikono miwili.
Dakika ya kumi na moja, ya kwanza ikapanda. Wakapiga makofi.
Ya pili ilipanda katikati ya makofi, hakuna aliyeiona.
Ya tatu tuliingoja.
Kengele ikalia, wakakimbilia maharagwe.

Jioni ilibidi pipa limwagwe.
Nilikunja mkono wa ovaroli hadi begani.
Ni gololi tu, nikajiambia, ni chupa ya shilingi mia mbili.
Nikauingiza mkono
taratibu.